Ukweli Kuhusu Miguu ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na pole tena, ingawa tulikwisha kupeana pole kwa simu mpaka maneno yakatuishia. U hali gani? Shemeji hajambo? Na Chiriku wako, bado anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umnyamazishe? Mwambie shangazi yake ameikumbuka sauti yake. Nasikia huko kwenu baridi bado ni kali. Vaa soksi unapolala, usijifanye kijana.

Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo kidogo. Presha imetulia, na anakula nikikaa naye. Nikiinuka tu, anaisogeza sahani. Siku hizi analala upande wa Baba. Anadai godoro la upande wake limebonyea. Mimi nimelala juu ya godoro hilo, Kaka, halijabonyea popote, lakini sikumbishia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna habari ambayo Baba alitaka uipate, na alitaka uipate kwa maandishi. Nilimwambia nitakupigia simu, akakataa. "Usimwambie kwa simu," alisema. "Simu ukishaanza kuisikiliza huwezi kuiweka chini ukapumua. Barua ataiacha mezani, azunguke zunguke, airudie." Kwa hiyo ukiona umechoka kusoma, iweke. Haitakwenda popote.

Habari yenyewe ni hii. Baba hakuwa mlevi. Hakuwahi kuwa mlevi hata siku moja.

Najua unavyosikia ukisoma hapo, maana na mimi nilisikia hivyo hivyo. Wewe ulimjua kabla yangu, ulimjua enzi ambazo mafundi wenzake walimwita Timazi, ile kamba ya kunyooshea kuta, kwa sababu ukuta aliouinua yeye hukuhitaji kuupima mara ya pili. Mimi kitindamimba nilimkuta tayari ameanza ule mwendo wake, goti juu kama anayevuka dimbwi, kisha unyayo unapiga chini pwaa. Watoto wa mtaani walimfuata nyuma wakimwiga, wakisema mzee anatembea mwendo wa jogoo. Nami nilikuwa nacheka nao, maana nilidhani ni maringo yake.

Kisha akaanza kuyumba. Unakumbuka mwenye kazi alivyomshusha kwenye jukwaa la ujenzi mbele ya vibarua na kumwambia hataki walevi juu ya vichwa vya watu. Baada ya hapo hakupata tena kazi ya usimamizi. Wale wale waliompa jina ndio waliosema kamba ya timazi imekatika. Mama akaanza kumnusa mdomo mlangoni kila akirudi. Alipokosa harufu hakuona kwamba hakuna pombe. Aliona kwamba mume wake amekuwa mjanja. Akawa anapekua mfuko wa vifaa, chini ya mwiko na pimamaji, akitafuta chupa. Na walipokwenda mahali pamoja, Mama alitangulia mbele hatua kadhaa, ili Baba akianguka asiwe karibu naye.

Ya siku ya harusi yako sina haja ya kuyasimulia. Alianguka kwenye ngazi za ukumbi mbele ya wakwe zako, ukamwambia ulichomwambia, na hukurudi tena nyumbani kulala. Sikuandikii kukushtaki, Kaka. Nani kati yetu angejua? Sisi sote tuliona mtu mmoja, na sisi sote tukampa jina moja.

Ukweli ulianzia kwenye kidonda. Pembeni mwa unyayo wake wa kulia, upande wa nje, palikuwa na sugu gumu kama jiwe, na mwaka jana likapasuka likawa kidonda kisichopona. Tulikuwa tunakisafisha katika zahanati ya hapa karibu. Daktari wa pale alikwisha kumtazama miguu akiwa amelala kitandani, suruali imekunjwa nusu, akasema ni ya uzee, apunguze kinywaji. Lakini muuguzi aliyekuwa akifunga kidonda akaniuliza kwa nini mtu akanyage kwa ukingo wa mguu tu miaka yote hiyo. Akatuandikia twende hospitali kubwa, kwa daktari wa miguu.

Daktari huyo ni mama mmoja mfupi, mkavu wa maneno, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Chumba chake hakina mengi: kitanda kirefu, meza, kioo cha ukutani kinachoanzia sakafuni, na jukwaa dogo la mbao la kusimamia. Hakuuliza kuhusu pombe. Alimwambia Baba avue suruali, abaki na kaptula, aende mpaka mlangoni na kurudi. Halafu akamwambia arudie. Halafu akamwambia atembee kwa visigino. Baba alijaribu. Vidole vya miguu havikuinuka hata kidogo, vilibaki vimelala chini kama vya mtu mwingine. Nilijisikia vibaya kumwona akihangaika hivyo, nikatazama dirishani.

Nataka nikueleze jinsi alivyompima, kwa sababu Baba mwenyewe alilizungumzia jambo hilo mpaka mwisho. Kwanza alimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, akamchora kwa kalamu ya wino mstari katikati ya shavu la mguu, na mwingine katikati ya kisigino. Ana kifaa kama rula mbili zilizoshikanishwa kwa msumari mmoja, kinaitwa kipimapembe. Akakilaza juu ya mistari ile na kusoma. Kisha akamsimamisha, akapima upya mistari ile ile. Nilimuuliza kwa nini anarudia kazi. Akasema mguu uliolala na mguu uliobeba mtu ni miguu miwili tofauti, na anayepima mmoja akadhani amepima wote anadanganya bila kukusudia.

Alipima unyayo umeinuka kiasi gani kutoka sakafuni. Wa Baba ulikuwa umeinuka kama daraja, ungeweza kupitisha vidole vyako chini yake. Alipima kifundo kinakunjika kiasi gani, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Alipima unene wa shavu la mguu kwa futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, lakini kwanza alishuka kutoka kwenye pia ya goti, akaweka alama, ndipo akazungusha. Akamsimamisha Baba juu ya kibao, kisigino na ukingo wa nje vikiwa juu, kidole gumba kikining'inia hewani, ili aone kama kisigino bado kinaweza kurudi kwenye mstari wake au kimekwisha kukazana.

Alipomaliza hakutuambia chochote. Alimwita mwenzake kutoka chumba cha pili, akafunika aliyoyaandika, akamwambia naye apime tangu mwanzo. Wakalinganisha. Kipimo kimoja cha kisigino kikapishana sana. Wakachunguza, wakakuta mstari ulichorwa ngozi ikiwa imevutwa. Yule mama akaufuta kwa spiriti, akachora upya, wakaanza tena wote wawili.

Kaka, Baba alikuwa amesimama na kaptula yake, ameshika ukingo wa meza asianguke, na uso wake ulikuwa umechangamka kama sijui nini. "Hata mimi ningebomoa," alimwambia. "Tofali moja likienda upande, la juu yake haliwezi kusema ukweli." Daktari akamtazama juu ya miwani, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Akasema mwashi. Basi wakazungumza habari za kuta na kona mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Baada ya hapo akampeleka kwenye kipimo cha mishipa ya fahamu, kile cha kupitisha umeme kidogo kwenye ngozi, na akatupa siku ya kurudi baada ya miezi kadhaa. Alisema anataka kuona kama kuna kilichosogea.

Safari ya pili Mama alikuja nasi. Nilimlazimisha, maana hakutaka. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kulipia kosa la mwingine. Daktari alipima yote upya, kutoka alama zile zile. Shavu la mguu lilikuwa limepungua. Pembe ya kisigino ilikuwa imeongezeka. Akasema kwamba kama angekuwa amepima kwa kukadiria, hapo asingekuwa na haki ya kusema lolote, lakini sasa anaweza kusema.

Akaeleza taratibu. Mishipa inayopeleka habari miguuni inakufa polepole, ikianzia ile iliyo mbali zaidi. Misuli ya mbele ya mguu inalegea, vidole vinaning'inia, kwa hiyo mtu anainua goti juu ili asijikwae. Misuli midogo ya unyayo inaponyauka, unyayo unajikunja, kisigino kinalala ndani, na mtu anabaki kusimama kwa ukingo. Na kwa sababu miguu haisikii sakafu vizuri, anayumba, hasa gizani au akifumba macho. Ugonjwa huo mtu huzaliwa nao. Umekuwa ukimla tangu ujana.

Mama akauliza kwa sauti ndogo kama pombe inaweza kuleta hayo. Daktari akasema ipo pombe inayoharibu mishipa, lakini si kwa namna hii, na vipimo hivi si vya pombe.

Baba akasema, "Daktari, naomba ulirudie hilo. Umwangalie mke wangu ukilirudia."

Daktari akamgeukia Mama, akavua miwani. "Mama, mume wako si mlevi. Ni mgonjwa, na amekuwa mgonjwa tangu kabla hujamjua."

Mama hakulia pale. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena, akitafuta kitu ambacho sidhani kama kilikuwepo. Kisha akamuuliza Baba kwa nini hakusema. Baba akamjibu bila hasira. Alisema alisema, mwaka wa kwanza alisema kila siku. "Baadaye nikaona kadiri ninavyokana ndivyo ninavyozidi kufanana na mlevi. Nikanyamaza."

Laiti yangeishia hapo, Kaka, barua hii ingekuwa ya furaha kidogo. Lakini daktari alikuwa akiniangalia mimi. Aliangalia viatu vyangu, jinsi soli zilivyolika upande wa nje, zile ambazo wewe ulikuwa ukinitania kwamba natembea kama nasukumwa na upepo. Akaniambia, kwa upole ambao sikuutarajia kwake, "Hebu vua na wewe."

Nilivua. Akanisimamisha mbele ya kile kioo, akachora mistari, akapima, akaita mwenzake, naye akapima. Mara hii vipimo vyao havikupishana. Unyayo wangu umeanza kuinuka. Kisigino cha kushoto kimeanza kulala. Kutembea kwa visigino, jambo ambalo sikuwahi kujaribu maishani mwangu, nilishindwa. Kipimo cha umeme kikathibitisha baadaye. Siku hiyo hiyo daktari akatuambia kwamba ugonjwa huu hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Nilimwona Baba kwenye kioo, nyuma yangu. Ule uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. Dakika chache tu ndizo alizopewa za kuwa mtu safi. Alikaa kitandani, akaishika miguu yake kwa mikono yote miwili, akasema, "Afadhali ingekuwa pombe."

Daktari aliinama akijifanya anafuta wino kwenye kipimo chake.

Ni Mama aliyeinuka. Alikwenda akapiga magoti, yeye na presha yake na magoti yake mabovu, akaanza kumvalisha soksi. Akasema bila kumtazama, "Usiseme hivyo. Nimeishi na mlevi ambaye hakuwepo. Leo ndiyo nimempata mume wangu, halafu unataka kumfukuza."

Tulipotoka, hakutangulia. Alimshika mkono tangu mlango wa hospitali mpaka mlango wa nyumbani. Mimi nilitembea nyuma yao nikiwa nimeshika mkoba wa Mama na bahasha ya picha za eksirei, nikijitazama miguu.

Baba alitengenezewa vishikizo vya plastiki, vinavyoingia ndani ya kiatu na kupanda nyuma ya mguu mpaka karibu na goti, vikiushikilia unyayo usidondoke. Navyo vilipimwa kwa umakini ule ule, na vilipombana upande mmoja vikarudishwa. Aliviita mabuti ya mfalme. Alitembea navyo uani asubuhi na jioni, Mama akimhesabia mizunguko na kumdanganya ili apumzike. Kidonda kikafunga. Alinona kidogo. Tulianza kufikiri tutamleta kwako likizo ijayo, aje amwone Chiriku kwa macho.

Kisha homa ya mapafu ikamwingia, mengine unayajua. Kwa simu nilikwambia hakuteseka. Ni kweli hakuteseka sana, ila alichoka. Siku moja kabla hajatutoka, wakati mimi na yeye tumebaki peke yetu wodini, ndipo aliponiagiza nikuandikie. Nilimuuliza nikwambie nini kuhusu yale ya harusi. Akasema, "Mwambie nilimsikia akinitetea kabla hajachoka. Alinitetea sana."

Sikujua, Kaka. Sikujua kwamba ulipigana shuleni kwa ajili yake, wala kwamba ulikwenda kwa yule mwenye kazi ukiwa bado mvulana kumwomba amrudishe. Alinisimulia yote hayo. Alisema mtu anayemtetea mwenzake miaka mingi peke yake, siku moja mikono humlegea, na hilo si kosa lake. Hakuwa na kinyongo na wewe. Nilikuwa karibu naye vya kutosha kujua kama angekuwa nacho.

Siku ya mazishi uwanja wetu ulijaa. Walikuja mafundi wa zamani, wengine wanatembelea fimbo. Baada ya kutoka makaburini watu walipokaa, Mama akainuka. Unamjua Mama, hawezi hata kuomba chumvi mbele ya wageni. Alisimama akiwa ameshikilia kiti, akasema, "Mume wangu hakuwa mlevi. Miguu yake ilikuwa inaumwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoamini, kwa hiyo nimeona niwe wa kwanza kusema." Akakaa. Kisha mzee mmoja kati ya mafundi akaanza kulia kwa sauti, na wenzake wakamfuata. Walikuwa na yao ya kulilia.

Hayo ndiyo aliyoniagiza Baba. Hili la mwisho ni langu.

Ile video uliyotutumia, Chiriku akikimbia kwenye korido, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia. Ameanguka mara mbili, nanyi mnacheka nyuma ya kamera, naye anacheka. Huenda ni mtoto tu, watoto huanguka. Lakini nakusihi, mpeleke kwa daktari wa miguu, na uende na wewe ukapimwe. Usikubali akutazame ukiwa umelala na suruali, akakwambia hamna kitu. Mwombe akusimamishe, akuchore, akupime na kuandika, apime tena baada ya miezi, kutoka mahali pale pale. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, sitakuficha. Lakini ukijulikana mapema, mguu huweza kushikiliwa usipinde, na mtoto akajua kwamba kuyumba kwake si uzembe wala aibu. Baba hakupata hilo mpaka uzeeni.

Mimi nimepewa vishikizo vyangu. Naendelea na kazi dukani, nakaa zaidi kuliko kusimama. Kuna jioni nalia kidogo, halafu naendelea. Nikikutana na ngazi nashika ukuta, na sijali nani anatazama.

Wasalimie sana Shemeji na wazazi wake. Waeleze, ukipata nguvu, kwamba yule mzee wa kwenye ngazi alikuwa amevaa viatu vipya siku ile kwa heshima yao. Mbusu Chiriku mashavu yote mawili. Jirani yetu mshonaji anakusalimu, na yule mwalimu wako wa hesabu, ambaye bado anauliza kama umejifunza kugawanya. Mama amenikataza nisikuandikie kwamba analia kila akisikia mlio wa lango, kwa hiyo sikuandikii. Amesema tu nikwambie kitanda chako kimetandikwa.

Mungu akupe moyo wa kuyabeba haya, akulindie mtoto wako, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kutembea kupokeana njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Kitindamimba